Taa Imetoka

Kwa maneno ya Mama Juliana, Thobias alitoka mgodini mchana kweupe, akapanda bodaboda, akaelekea Kharumwa huku anacheka. Eti kamwona kwa macho yake mawili. Alipobanwa kidogo akasema aliyemwona ni mume wake. Alipobanwa tena ikajulikana kwamba mume naye aliliona jina tu, limegeuka kijani kwenye skrini ya getini.

"Na simu haipatikani," akaongeza, akinyoosha kikombe apimiwe uji mwingine. "Mwanaume akizima simu mchana, mayu, usimtafute shimoni. Mtafute gesti."

Wateja wakacheka. Esta hakucheka. Alikuwa amekaa na ndoo yake ya uji mbele ya geti la kampuni tangu asubuhi, na Thobias, mume wake, hakupita hapo. Aliyepita ni Gregory, mwenzake Thobias kwenye pampu ya maji, kule chini kabisa ambako hufanya kazi wao wawili tu. Gregory alitoka amejikunja, anatapika, wakampakia kwenye pikipiki kumpeleka zahanati. Na taa iliyokuwa kwenye kofia yake Esta aliijua, ni ya Thobias. Mkanda wake uliwahi kukatika, akaushona mwenyewe kwa kipande cha kitenge cha njano.

Ndivyo walivyozoea wachimbaji. Anayepanda ngazi peke yake hupewa taa yenye mwanga mzuri, anayebaki hujikongoja na ile inayofifia.

Zamani mazoea hayo hayakumdhuru mtu. Kwenye dirisha la getini alikaa mzee Apolinari na kompyuta yake kuukuu, inanguruma kama mashine ya kusaga. Kila aliyetoka alisimama mbele yake, akataja jina, mzee akamtazama usoni ndipo akabonyeza. Kompyuta ikiganda, foleni nzima inaganda nayo, watu wanatukana mpaka basi. Kampuni ikachoka. Wakaletwa mafundi wa mfumo mpya, kompyuta ile ikaondolewa kwa toroli, mzee akarudi kwao Ushirombo. Siku hizi kila taa ina kidude chenye jina la mwenyewe. Aliye chini jina lake ni jekundu; taa ikipita getini, linageuka kijani, hakuna kusimama.

Esta akafunika ndoo, akaenda dirishani kwa Enock, msimamizi wa mfumo.

"Kaka Enock, Thobias hajatoka."

"Katoka, shemeji. Huyu hapa, kijani."

"Iliyotoka ni taa yake. Ilikuwa kichwani kwa Gregory."

Enock akacheka kidogo, kisha akasogeza kiti karibu na skrini. "Ni kweli Gregory alibaki mwekundu," akasema. "Lakini tumemwona hapa hapa, anatapika. Bosi akasema taa kaisahau chini, nimgeuze kwa mkono. Nikamgeuza."

"Hakuisahau. Kamwachia mwenzake."

Enock akapitisha kidole kwenye orodha. Majina yote yalikuwa kijani, yamejipanga kama miche ya mpunga. Wiki iliyopita alisimamisha ulipuaji wa baruti shimoni kwa ajili ya jina moja jekundu, watu wakatafuta mpaka wakachoka, kumbe taa imeachwa chooni. Bosi alimwambia mbele ya wote kwamba ikijirudia atafute kazi ya kuchunga ng'ombe.

King'ora kikalia kule uwanjani, mlio wa kwanza, wa kuwatoa watu karibu na shimo. Mama Juliana akakimbia na kikombe cha watu mkononi.

"Enock!" Bosi akaita kutoka kwenye kibanda cha baruti. "Wote juu?"

Mkono wa Enock ulikuwa juu ya redio ya mawasiliano. Haukuiinua. Macho yake yalikuwa kwenye skrini.

Esta akaingiza mkono dirishani, akamshika mkono wa shati.

"Naomba wasipige baruti kwanza, kaka. Mtumeni mtu ashuke mpaka kwenye pampu, amwite kwa jina lake. Akiwa hayupo, nitukaneni mimi."

King'ora kikalia mara ya pili, mlio wa mwisho kabla ya baruti.

"Kaka Enock. Nakuomba."