Miwani ya Akiba

Mama Vifuniko hakuwa mtu wa kuacha kitu uchi. Redio yake ilikuwa na gauni, birika lilikuwa na kofia, na makochi yalivaa vitambaa ambavyo navyo vilifunikwa nailoni visije vikachakaa. Kazi yake ilikuwa kushona vifuniko vya watu, lakini nyumba iliyofunikwa kupita zote ilikuwa ya kwake. Mama yake mzazi, aliyeishi naye, alizoea kusema, "Siku moja nitasinzia hapa niamke nimeshonewa."

Alasiri, jua lilipopenya pazia la njano, sebule nzima ilikuwa kama imelala. Vitu vilitulia chini ya vitambaa vyao. Cherehani ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, na Mama Vifuniko, ameinama juu yake, alihisi kwamba kila alichokipenda kilikuwa salama, kimetunzwa, kinangoja. Kinangoja nini, hakuwahi kujiuliza.

Kilichomshinda kufunika ni kimoja tu, macho ya binti yake.

Mtaani walimwita Chungulia, kwa sababu alikuwa akikunja uso na kuchungulia kila kitu, hata sahani iliyo mbele yake. Vitu vya mbali alikuwa havioni, na kila mwaka umbali huo ulizidi kumsogelea. Ulianza na ubao wa darasani, ukaja mti wa ng'ambo ya barabara, ukaja uso wa mtu aliyesimama mlangoni. Mama Vifuniko alijua njia hiyo inaishia wapi, maana mwisho wake aliishi nao ndani. Bibi naye alianza hivihivi utotoni, bila miwani wala mpimaji, na sasa aliona mwanga wa dirisha tu. Alikipapasa kikombe chake mezani, akikikosa anacheka. Mama Vifuniko hakucheka. Kila bibi alipokikosa kikombe, yeye alimwona Chungulia mtu mzima, amekaa kwenye kochi lile lile, anapapasa.

Ndiyo maana siku mpima macho alipowapa miwani ya aina nyingine, moyo wake ulijaa.

"Jicho la mwanao linarefuka kupita kiasi," alieleza mpima macho, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. "Ni kama mtoto anayetangulia mbele kila ukimwita hasikii. Hapa katikati ya kioo ndipo atakapoonea. Hizi nukta ndogondogo za pembeni zinaliambia jicho lipunguze mwendo. Kurudi lilikotoka halirudi, lakini litakwenda polepole."

Chungulia aliivaa, akageuza kichwa huku na huku.

"Mama, pembeni kuna umande," alisema. "Katikati upo wewe."

Mpima macho aliendelea kueleza habari za kuvaa na kucheza nje, na Mama Vifuniko akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, kama tunavyoitikia sote mbele ya wataalamu, huku akili yake imebaki kwenye zile nukta.

Nyumbani aliinua miwani dirishani. Nukta ziling'aa zikizunguka kioo, ndogo mno, zimejipanga kwa adabu. Dawa imo humu, aliwaza. Sasa dawa hii ikivaliwa kila siku, ikiloa jasho, ikifutwafutwa na pindo la sketi, si itaisha kabla macho hayajapona? Akiba haiozi. Akachukua mahameli aliyobakiza kwenye kazi ya mteja, akashona mfuko, akautia bitana ya pamba na kifungo kimoja. Miwani ikalala humo. Ikawa inatoka siku za mitihani, siku za wageni, na siku ya kwenda kupimwa. Siku nyingine zote Chungulia alivaa ile ya zamani, iliyokwisha kumpungukia nguvu, mkono mmoja wa miwani hiyo umefungwa kwa uzi.

Mtoto hakulalamika. Alikuwa na starehe yake. Jioni taa zilipowashwa, aliivua ile ya zamani, akakaa dirishani na bibi yake.

"Bibi, taa ya duka imechanua."

"Rangi gani?"

"Njano. Ile ya kinyozi nyekundu, imekuwa kubwa inataka kugusana nayo."

"Iache iguse tuone."

Wakakaa hivyo, mmoja macho yamejaa ukungu na mwingine haoni ila mwanga, kama watu waliopata bustani ya bure. Mama Vifuniko aliwasikia kutoka kwenye cherehani, na kwa kitambo mtaa mzima ulimchanulia na yeye, maduka, pikipiki, madirisha ya majirani, vyote maua yanayopita kimyakimya. Ilikuwa raha. Kisha bibi akasema, "Hata mimi zilinichanulia hivyohivyo. Nilizipenda sana, mjukuu wangu."

Mguu ulikwama kwenye cherehani. Mama Vifuniko aliinuka, akaenda chumbani, akafungua kabati, akaushika ule mfuko wa mahameli. Miwani ilikuwemo. Akashusha pumzi.

Siku ya kupimwa ilipofika alikwenda kifua mbele. Mpima macho alimkalisha Chungulia, akampima. Akarudia kupima.

"Limekimbia," alisema. "Limekimbia kana kwamba hatukuliwekea kitu."

Akaichukua miwani, akaigeuza kwenye mwanga. Haikuwa na mkwaruzo wala alama ya kidole. Vile vipande vya kukalia puani vilikuwa vyeupe kama siku ya kwanza.

"Mama, mtoto anaivaa hii?"

"Naitunza," alijibu Mama Vifuniko, na sauti yake ilikuwa na majivuno. "Naitunza kama mboni ya jicho. Dawa yake isije ikaisha."

Mpima macho hakucheka, na bora angecheka.

"Haina dawa, mama. Ni kioo. Inafanya kazi ikiwa usoni tu, tangu anapoamka mpaka anapolala. Ikikaa kwenye mfuko haimsaidii."

"Na alichopoteza?"

"Hicho hakirudi. Namwekea kioo cha nguvu zaidi, tupiganie kilichobaki."

Njiani Mama Vifuniko hakusikia honi wala salamu za watu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Jicho la mwanawe lilikuwa likitembea gizani mchana kutwa, na kitu pekee cha kulishika mkono alikuwa amekifungia kifungo kwa mikono yake mwenyewe.

Alipofika aliuchukua mkasi, akaupitisha kwenye mahameli bila kupima.

"Unakata nini?" bibi aliuliza. Sauti ya mkasi kwake ilikuwa wazi kama kwetu sura.

"Mfuko wa miwani."

"Wewe? Unafunua kitu? Basi kiama kimekaribia."

Mama Vifuniko alitaka kucheka, kikatoka kilio. "Mama, nimemwibia mtoto macho."

Bibi alimpapasa mpaka akalipata bega lake. Safari hii hakuwa na mzaha. "Umemwibia kiasi," alisema. "Mengine bado anayo. Shona hicho unachotaka kushona, mtoto akacheze kabla jua halijatua."

Akashona mkanda wa mahameli, akauunganisha na mikono ya miwani ili isidondoke mtu akikimbia. Akamvalisha Chungulia, akaubana nyuma ya kichwa, akampeleka kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, walipokuwa wakicheza watoto wengine.

Chungulia alikimbia. Alifika mpaka magoli ya ng'ambo, akawa kidoti miongoni mwa vidoti. Mama Vifuniko alibaki kwenye ukingo, peke yake, na jua la jioni likamfunika usoni. Akaacha machozi yashuke. Alikuwa na mazoea hayo. Tangu mtoto yule azaliwe, kila alipomlilia alisogea pembeni, upande wa pili wa chumba, ng'ambo ya ua, akijua macho yale hayawezi kumfikia. Umbali nao ulikuwa kifuniko, na alikuwa amekitumia kuliko vyote.

Kule mbali, kidoti kimoja kilisimama. Hakikukunja uso. Kikageuka, kikaja mbio, mkanda wa mahameli ukiruka nyuma yake, mpaka kikawa Chungulia anayehema.

"Mama, mbona unalia?"

"Umeona? Toka kule?"

"Nimekuona." Akamtazama sana, akipitisha macho kwenye uso ule sehemu moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma ukurasa aliokuwa akirukishwa siku zote. "Huwa unalia hivi?"

Mama Vifuniko aliinua pindo la kitambaa alichojitanda ajifunike. Likamfika kidevuni. Akalishusha.

"Ndiyo," alisema. "Huwa nalia hivi."