Mto Usio wa Maji

Nyumbani walimwita Jaji, kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kuomba hata maji ya kunywa bila kutoa hukumu. Siku ya shauri lake kubwa aliingia ofisi ya bima kinyumenyume, kiti chake cha magurudumu kikipandishwa ngazi na mama yake pamoja na mlinzi. Waheshimiwa waliojenga jumba hilo la kuhudumia wagonjwa walisahau kwamba wapo wagonjwa wasiopanda ngazi.

Alichotaka ni mto. Si wa kulalia, wa kukalia, ule wenye vifuko vya hewa. Muuguzi alisema bila huo, kidonda kilichoanza kumchimba kalio kingefika mfupani. Mama yake, fundi cherehani, alimshonea mwingine wa sponji, lakini sponji ilinywea upesi ikawa bapa kama bahasha. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na mlezi wa bweni alishasema waziwazi: bila mto wa hewa, asirudi.

Jibu la kwanza la bima lilikuja kwa simu. Lilisema, kwa heshima zote, kwamba bima ya mteja haihusishi madhara ya mito, mafuriko wala kumomonyoka kwa kingo. Jaji alicheka hadi machozi, kisha akajaribu kuegemea upande wa pili, na kicheko kikakatika papo hapo.

Ndiyo maana walikuja wenyewe. Karani, kijana wa tai nyembamba, alimsalimia mama vizuri na kumruka Jaji kama kifurushi kilichosahauliwa na mteja mwingine. Alikiri kuwa kuna mtu alisoma harakaharaka akadhani ni mto wa maji. Sasa walikuwa wamesoma taratibu, na jibu lilikuwa lilelile. Kiti walishalipia. Mto ni kikorombwezo, na vikorombwezo hawalipii.

"Samahani kaka," Jaji alisema kwa unyenyekevu uliomtia mama yake wasiwasi, "kikorombwezo ndiyo nini?"

Karani alimjibu mama. "Ni pambo tu, mama. Hata kisipokuwepo, mtu anakaa."

"Baba, mtoto anaoza," mama alisema.

Karani alisema anaelewa, ila utaratibu ni utaratibu. Mama hakunyanyuka. Karani alipoona hivyo alienda kumwita mkuu wake, na hapo Jaji akaona kilichobaki kwenye kiti cha bwana yule: mto wa mahameli, mnene, wenye shimo la umbo la makalio yake. Alizungusha magurudumu hadi nyuma ya meza, akauchukua, akajiinua kwa mikono na kuusukuma chini yake.

"We mtoto, rudisha," mama alinong'ona.

"Kikorombwezo hicho, mama. Hata hatajua."

Karani alirudi na mkuu wake, mama wa makamo mwenye miwani kifuani. Karani aliketi. Akainuka kidogo, akaketi tena, akapapasa chini kwa mkono.

"Nani kachukua mto wangu?"

"Tuzungumze kwanza ya wateja," mkuu alisema.

"Bosi, mimi siwezi kukaa hapa bila mto. Mgongo huu, daktari aliniandi…"

Aliuona chini ya Jaji. Nyuma kwenye foleni mtu alicheka, na wa pili akamfuata. Jaji hakucheka. Alikuwa ameandaa hukumu ndefu yenye maneno mazito, ikayeyuka yote, ikabaki hasira tu.

"Wewe ukichoka kukaa, unasimama," alimwambia karani. "Mimi nikichoka kukaa, nakaa."

Mkuu alivaa miwani, akautazama mto, akamuuliza karani nani aliulipia. Karani alisema kwa sauti ndogo kwamba ni ofisi. Mkuu aliahidi kuwa kamati italitazama suala hilo. Jaji alimshukuru, akasema basi mto wa ofisi ataukalia yeye mpaka kamati imalize kutazama. Mlinzi alimshusha ngazi taratibu mno, akijitahidi kuuficha uso wake uliojaa furaha.

Kamati ilitazama upesi ajabu. Kabla ya Jumatatu mto wa hewa ukafika, umekunjwa, pamoja na ujumbe: maombi yamekubaliwa, mali ya ofisi irejeshwe, na pampu ya kuujaza hewa mteja ajinunulie, kwa kuwa ni kikorombwezo.

Mama alisoma, akasoma tena. Akashika mpira wa mto akaanza kuupuliza kwa mdomo, mishipa ya shingo ikimtoka, na katikati ya kila pumzi alimtaja karani kwa maneno ambayo Jaji hakujua kama mama yake anayafahamu. Mto ulipojaa, alimsaidia binti yake kuukalia, akapitisha kiganja chini yake kuhakikisha hagusi chini.

Kisha akavuta cherehani, akauchukua ule wa mahameli, na kwa uzi mwekundu, herufi kubwa, upande wa kukalia, akaudarizi: KIKOROMBWEZO.

"Sasa," alisema akikata uzi kwa meno, "mrudishie mali yake."