Betri ya Tatu

Asubuhi ile Maundu aliinua kikombe cha chai, kikabaki hewani. Kwenye skrini ya ofisi yake ndogo, pale Tala, betri ya tatu ilikuwa imerudi. Iliandikwa: inachaji.

Betri hiyo ilitoweka wiki iliyopita. Ilikuwa moja ya nne za akiba, zenye mpini na tundu la kuchomeka waya, zinazolinda mayai kwenye kiangulio stima ikipotea. Fundi Yasin alipozifunga alimweleza kwamba kila betri hutuma habari zake hadi kwenye skrini kwa waya zilezile zinazoleta stima, na habari hizo hazivuki mita ya stima ya boma. Basi betri ilikuwa ndani ya boma lake. Na Masila, mfanyakazi wake, alikuwa amelala seli kwa kuiiba. Maundu mwenyewe ndiye aliyemshtaki.

Alikiendea kisanduku cha swichi, akaanza kuzima stima chumba kimoja kimoja, jicho kwenye skrini. Sebuleni, betri bado ipo. Jikoni, bado. Chumba chake na mkewe Ndunge, bado. Ikasalia swichi moja. Alisita, kisha akaizima, na betri ya tatu ikafutika.

Kilikuwa chumba cha Wavinya, mama mkwe wake.

Maundu alikaa chini juu ya gunia la chakula cha kuku. Mama huyu ndiye aliyeongoza maombi Jumapili ili mwizi afichuliwe! Na Mkamba haingii chumba anacholala mama wa mkewe. Alipopekua boma lote, mlango ule hakuugusa.

Sasa ulifunguka wenyewe. Wavinya alisimama kizingitini, uso ameugeuza upande, kama heshima inavyotaka.

"Muthoni, umenizimia stima?" aliuliza, akimwita mkwe kwa Kikamba.

"Mama, betri iko humo?"

Hakukana. "Vifaranga vyako havijawahi kulala gizani," alisema. "Mimi nikishikwa na kikohozi stima imepotea, napapasa ukuta nikitafuta maji. Mimi unaniona kwenye skrini gani?"

Maundu aliuliza: "Na Masila?"

"Nilidhani mtamgombeza tu, yaishe. Jana nilipoona gari la polisi, sauti ilinikauka."

Aliingia ndani, akatoka amejifunga kitambaa cha kanisani, betri ndani ya kiondo. Walipanda bodaboda mbili, yeye mbele, Maundu nyuma kwa umbali wa adabu. Maundu alipofika kituoni, betri ilikuwa tayari juu ya meza ya polisi.

"Mfungulieni huyo mtoto wa watu," Wavinya alikuwa akisema. "Mwizi ni mimi."

Afisa alimgeukia Maundu kuuliza kama ni kweli. Maundu aliitikia kwa kichwa.

Masila alipotolewa, alimpokea mama yule kiondo chake, akamshika mkono kwenye ngazi. Masila akampita Maundu kama mtu anavyopita nguzo ya stima.