Mfuko wa Kwenda Msibani

Sylvère, dereva wa teksi, alikuja mwenyewe Jumatatu asubuhi, akagonga dirisha badala ya mlango. Zubeda alifungua nusu. Tangu Ijumaa risasi zilikuwa zikilia upande wa Bwiza, na katika barabara yao ya Buyenzi nyumba nne zilikuwa zimeshabaki wazi, milango ikijipiga kwa upepo.

"Saa nne kamili," Sylvère alisema. "Sitazima moteri. Mukichelewa, ninaenda."

"Tutakuwa tayari."

"Sikia vizuri, mama. Mufuko moja kila mutu, wa kuweka kwa mapaja. Apana godoro, apana sufuria, apana valizi ya nguo. Kwa bariyeri ya njiani vijana wanaangalia muzigo kwanza. Mwenye muzigo mukubwa anakimbia, na mwenye kukimbia, wanasema iko na sababu." Akatazama barabara juu na chini. "Munaenda kuhani musiba Gatumba, munarudi jioni. Kila kitu cha mu mufuko kiwe na jibu."

Akaondoka kabla Zubeda hajamjibu.

Zubeda alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na minne sasa. Mumewe Sulemani, mekanika, alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira mwezi wa kwanza, baada ya mwenzake wa gereji kuuawa akirudi kazini. Tangu hapo alikuwa akituma maneno yale yale kwa kila anayerudi: njoo, na Mama usimwache. Mama ni Assia, mama yake Sulemani, bibi mfupi mwenye magoti mabaya ambaye hakuwa amelala nje ya Buyenzi tangu alipoolewa.

Saa mbili na nusu. Zubeda alitandika kanga kitandani na kuanza kuweka vitu juu yake, akijiuliza kwa sauti ndogo kama anayehojiwa. Sukari kilo mbili? Ya msibani. Kanga ya pili? Ya kujifunika. Tasbihi ya Mama, chupa ya maji, karangamuntu mbili, vitambulisho vyao. Hizo zilikuwa na jibu.

Picha ya harusi haikuwa na jibu. Aliirudisha ukutani na kuinyoosha isikae upande. Mkasi wake mkubwa aliushika kwa muda mrefu zaidi. Vidole vyake viliujua kuliko vilivyojua mkono wa mtu yeyote. Lakini kijana wa bariyeri angeuita silaha. Aliuweka kwenye droo. Juu ya cherehani lilining'inia gauni la harusi la Geneviève, binti wa mtaa wa Kinindo, bado mkono mmoja. Harusi ilikuwa Jumamosi ijayo. Zubeda aliona haya mbele ya gauni lile, kana kwamba lilikuwa mtu, akalifunika kwa shuka.

Ikabaki hati ya kiwanja. Aliitia mfukoni, akaitoa. Akaitia tena chini ya sukari, akafika mlangoni, akarudi akaitoa. Mtu gani anakwenda kuhani na hati ya nyumba yake? Mikono yake ilikuwa imelowa jasho hata karatasi ikashika alama ya kidole gumba. Mwishowe aliisukuma chini ya zulia na kutoka chumbani haraka.

Sebuleni Assia alikuwa ameketi na mfuko wake tayari. Ndani yake mlikuwa na kitu kimoja: sanda yake, nyeupe, imekunjwa na kutiwa karafuu, aliyoletewa na hujaji mwaka Sulemani alipozaliwa.

"Mama, hiyo apana."

"Si tunaenda musibani?"

"Watauliza ni ya nani. Utasema nini?"

Assia aliukumbatia mfuko. Alijijua, ulimi wake haukuzoea uongo, na Zubeda alijua hivyo. "Nikifia huko je?"

"Mi ni fundi, Mama. Nitakukatia ingine kwa mukono wangu."

Lilikuwa neno baya la kumwambia mtu mzima asubuhi ya safari, lakini Assia aliitoa sanda, akaibusu, akaiweka kwenye kiti alichokuwa amekalia.

Saa nne kasoro dakika mbili teksi ilisimama. Kwenye kiti cha mbele alikuwepo mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati jeupe, viatu vinavyong'aa, mfuko mdogo wa plastiki mapajani.

"Huyu ni Mwalimu Népomuscène," Sylvère alisema akiondoa gari. "Na sasa musahau jina. Mu gari hii hamujuani. Mumoja akiulizwa, wengine hawana la kusema."

Mwalimu aligeuka kuwasalimu, akageuka kwa kiwiliwili kizima kama mtu mwenye jipu shingoni. Zubeda aliliona hilo, akalipuuza.

Katika mtaa wa Quartier Asiatique maduka yalikuwa yamefungwa yote. Mbwa alikuwa amelala katikati ya lami, Sylvère akamzunguka. Waliposhika barabara ya Gatumba, Assia alianza kuhesabu tasbihi, na Zubeda akaanza kurudia moyoni: mama mdogo wa bwana wangu, malaria, amezikwa jana. Mama mdogo wa bwana wangu, malaria, amezikwa jana.

Kabla ya daraja la Rusizi palikuwa na bariyeri, pipa na gogo katikati ya njia. Vijana saba au wanane, nguo za kiraia. Mkubwa wao alivaa kofia ya sufu kwenye jua lile, na kwenye mkanda wake guruneti lilining'inia kama funguo.

"Mushuke wote."

Alimwaga mfuko wa Zubeda juu ya boneti. "Musiba wa nani?"

"Mama mudogo wa bwana wangu."

"Alikufa na nini?"

"Malaria. Wamemuzika jana."

Alichovya kidole kwenye sukari, akalamba, akampa mwenzake kilo moja. Assia hakuulizwa kitu. Kijana alimwangalia magoti tu. Kisha akamgeukia mwalimu. Ndani ya plastiki mlikuwa na Biblia na taulo. Jibu lilikuwepo. Kijana akampiga kofi la mgongoni, la kumruhusu tu, kama watu wanavyopigana mabega, na mgongo wa mwalimu ukalia kama karatasi.

Kila mtu aliusikia.

Wakamvua shati. Bahasha ya kaki ilikuwa imefungwa kwa mkanda wa kitambaa juu ya ngozi: diploma, barua za kazi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake.

"Mutu anaenda na diploma kumulilia maiti?"

Mwalimu alinyoosha mkono kuifuata bahasha.

"Unakimbia. Umefanya nini?" Wakamkalisha chini, wakamvua viatu. "Nyinyi wamama, pandeni. Mwende."

Sylvère alikuwa akitazama usukani. Assia alishaingia. Zubeda alitia mguu mmoja ndani ya gari, na hasira ikampanda ghafla, si kwa vijana bali kwa yule mtu aliyeketi mavumbini. Yeye ameacha hati, ameacha mkasi, amemvua mwanamke mzee sanda yake, na huyu amebeba kabati zima mgongoni. Zubeda angekaa tu kitini, gari lingekwenda. Aliutoa mguu nje.

"Anaenda kuomba kazi ya shule Gatumba," alisema. Sauti yake ilikuwa kali, ya mtu anayemgombeza mume. "Karatasi ni za kazi."

Kofia ya sufu iligeuka. "We unamujua?"

Sylvère alifumba macho.

"Namujua. Ni jirani."

"Na kama ni kazi, kwa nini amezificha?"

Zubeda alishika mlango wa gari. Kisha akaona kilo ya sukari kwenye kwapa la yule kijana mwingine.

"Sababu vitu vinachukuliwa njiani," alisema. "Sukari yangu iko wapi?"

Aliona mkono wa mwenye kofia ukienda kwenye mkanda, penye guruneti. Halafu mwenye sukari akacheka, wa pembeni yake akacheka, na mkubwa wao naye, baada ya kuwatazama, akacheka kwa pua.

"Mupotee," alisema, na kuirusha bahasha hewani.

Karatasi zilitawanyika. Mwalimu alitambaa akikusanya zilizo karibu. Moja ilipeperuka hadi mtaroni, akaitazama, lakini Sylvère alishaondoa gari taratibu, mlango wazi, na ilimbidi akimbie miguu mitupu arukie ndani. Viatu vilibaki.

Wakafika Gatumba. Sylvère aliwashusha kabla ya mpaka, akageuza gari bila kuaga.

Mwalimu alisimama mbele ya Zubeda, shati halijafungwa vifungo. "Mama, sina neno la..."

"Usinishukuru. Ningejua unabeba hizo, nisingepanda na we."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sikusema."

Zubeda alitaka kumtukana. Badala yake alimwuliza ni ipi iliyobaki mtaroni. Akamjibu: cheti cha mtoto wake wa mwisho, Candide. Mtoto yuko wapi? Mwalimu alitikisa kichwa, akashika njia ya forodha akichagua pa kukanyaga kwa sababu ya kokoto.

Walivuka saa saba. Sulemani aliwakuta Kavimvira, ng'ambo ya mpaka, akamnyanyua mama yake kama mfuko wa unga, akacheka, akalia. Zubeda alikaa kwenye jiwe. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na iliendelea kutetemeka siku tisa. Siku moja kati ya hizo jirani mpya wa Uvira alimletea suruali ya kutia kiraka, akamwazima sindano; Zubeda alijaribu kutunga uzi tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Mwishoni Assia, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia zamani, alimpokonya sindano kwa upole, akalamba uzi, akajaribu na yeye.