Koti la Marehemu Mume wa Nora

...mvua tena, kila barua mvua, utafikiri shamba la ngano lilimpeleka mume wangu Ayalandi akahesabu manyunyu badala ya kujifunza kutengeneza kombaini za kuvunia, na Mwalimu Thadei anasoma polepole kwa ile sauti yake ya darasani, mama mkwe ameegemeza kidevu kwenye fimbo, na mimi niko huku jikoni, nyuma ya ukuta wa fito, naangalia maziwa ya chai ya mwalimu yasimwagike, kwa sababu barua ya mwanaume huandikwa kwa mama yake, mke husikiliza akiwa kazini, ndivyo tulivyokuta... "mji wenyewe ni mdogo, Mama, barabara ni moja tu, asubuhi ng'ombe wanapita katikati na hakuna anayeshangaa, mtu wa trekta anakusalimia kwa kuinua kidole kimoja"... kidole kimoja, hapa Nangwa msalimie mzee kwa kidole uone, lakini yeye anaona vizuri, kila cha huko ni kizuri, duka moja linauza misumari na bia, mtu ananunua bawaba na kunywa hapo hapo, wanachimba udongo mweusi bondeni, wanaukausha, wanaukokea moto, haya, udongo unawaka, Mungu ni mkubwa, mbona hajafika kwa Nora, barua iliyopita Nora alimshonea soksi... "Bibi Nora, mwenye nyumba"... huyo, amefika, "ananipikia viazi kila siku, ananiita Jo"... Jo! Joakimu Margwe, mimi mkewe miaka sita simtaji jina, namwita Baba Letisia, kwa heshima, na yule anamkatakata kama viazi vyake, Jo, Jo, njoo ule, na sijui hata kama ana meno, mwanamke nisiyejua kama ana meno ananinyima usingizi, ni wivu, ndiyo, ni wivu, nani kasema ni kitu kingine, walisema miezi tisa, huu ni wa kumi na nne, Letisia alikuwa anatambaa, sasa anakimbiza kuku, na kila mwanaume mwenye kofia anamwita baba, alimwita hata karani wa shamba, watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya zizi nikalia... "baridi ilinizidi, nikakohoa wiki mbili, ndipo Bibi Nora akafungua kabati akanipa koti la marehemu mume wake, linanienea kabisa, utafikiri nilipimwa mimi"... mama mkwe kainua kidevu kutoka kwenye fimbo, mwalimu tu anaendelea, ni mtu wa kuja, hajui alichosoma... "Rudia hapo, mwanangu," mama mkwe anasema, "hapo pa koti," naye anarudia, koti la marehemu, linanienea kabisa, na kwetu koti la marehemu halitolewi kwa ajili ya kikohozi, hutolewa siku ya kumaliza matanga, wazee wamekaa, ndugu wa marehemu anavishwa, na akishalivaa mjane ni wake, nilimwona jirani yetu Akonaay akivishwa la marehemu kaka yake, mikono imempita vidole, na jioni ile ile Filomena, yule mjane, akampelekea maji ya kuoga... basi, amerithi, mume wangu amerithi mjane wa kizungu, na amemwandikia mama yake... "Huyo mwanamke ana miaka mingapi?" "Haikuandikwa, Mama, anasema tu ana wajukuu"... wajukuu! umri una nini, mjane ni mjane, na funguo za kabati anazo yeye, namwona akimfunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni, taratibu, hana haraka, ningekuwa na nauli ningefika nikamvua mume wangu lile koti mbele ya mji mzima, na huyo Nora ningeanza na shikamoo, maana ana wajukuu, halafu ningemrarua... "Baada ya koti amesemaje?" "Anasema analivaa kila siku kwenda karakana, Mama, na Jumapili kanisani, na kwamba mngemwona mngecheka"... mngecheka. Ngoja. Mngecheka? Anamwandikia hivyo nani, mama yake, aliyelifungia koti la mumewe sandukuni alipofiwa, asije akalivaa shemeji akamrithi, na Baba Letisia mwenyewe, akiwa mtoto, ndiye aliyekalia mfuniko ili kufuli liingie, alinisimulia mara ngapi, kwa fahari, mwanaume aliyerithi mjane angenyamaza, au angetuma mzee, asingeandika kama anayeandika habari za viatu, kwa hiyo hakumrithi, Nora hana lolote naye, amempa nguo mtu anayekohoa, basi, nifurahi, Fabiola, furahi, mbona hufurahi... hakuficha kwa sababu hakukumbuka koti la marehemu ni nini kwetu, kalivaa, kaketi, kaandika koti, na mkono haukusita, mtoto aliyekalia lile sanduku... Nora ningepambana naye, mwanamke ana mlango, unaugonga, unamwita atoke, lakini hapa nitamwita nani atoke... "Mama Letisia, chai bado?" "Bado kidogo, Mama"... atarudi, sasa najua atarudi, nitampokea mzigo, nitamwita Baba Letisia na ataitika, na wivu utabaki pale pale, nitaionea wivu mvua, viazi, ng'ombe wao barabarani, maana vimemchukua mume wangu bila hata kumtongoza...