Ng'ombe wa Msamaha

Kijijini kwetu, njia ya Tinde, msamaha ulikuwa unatafunwa. Mtu akitengwa na sungusungu hasalimiwi, hapewi moto, na mkewe haruhusiwi kuchota maji kisimani. Akitaka kurudi anachinja dume. Waliokosewa wote wakila, yameisha. Mmoja akikataa, basi ana kinyongo, na mwizi anabaki kutengwa. Sheria nzuri sana, hasa kwa sisi tunaopenda nyama.

Mwaka wa themanini na nne alichinja Donatus. Alikuwa ameiba plau ya Makoye na baiskeli ya Gunapala, fundi mitambo wa kinu cha pamba. Gunapala tulimwita Mhindi, ingawa alituambia mara mia kwamba kwao ni Sri Lanka na dini yake ni ya Buddha. Nani alikuwa na muda wa kumsikiliza?

Mke wa Donatus alikuja na kichanga mgongoni na ndoo tupu, akitumaini kurudi na maji ya kisimani.

Makoye alikula. Jamani, alikula! Alivunja mifupa, akanyonya uboho, mafuta yakamchuruzika kidevuni. Donatus alipopita na sinia alimgeuzia mgongo, akachukua nyama kwa nyuma.

Gunapala akasukuma sahani.

"Ana kinyongo!" Makoye akaruka. "Mmeona? Donatus harudi!"

"Mimi sili nyama, Baba Limi," Gunapala akamjibu Makoye. "Hasira ya baiskeli ilikuja, ikanisumbua sana. Sikuifukuza, sikuilisha. Niliitazama tu, mpaka ikaondoka."

Tulicheka mpaka tukapaliwa. Hasira ya kutazamwa, kama mbuzi machungani!

Akamwendea Donatus, akaomba kibuyu chake, akanywa yale maji ya bwawani yenye tope, kisha akamshika mkono. "Mzee Mabula," akamwambia ntemi, mkuu wa sungusungu, "naomba na Baba Limi anywe."

Makoye akapiga funda moja, akalitema miguuni kwa Donatus.

Hapo hata kipofu angeona. Lakini Mabula wetu alikuwa mtu wa sheria. "Yaya, hapana," akasema. "Makoye tumemwona akila. Kasamehe. Mhindi hakula. Donatus harudi, na huyu Mhindi naye asisalimiwe."

"Haya, na sasa huna hasira?" mtu mmoja akamchokoza Gunapala.

"Inakuja," akasema.

Akafumba macho. Tukangoja, vidole vimejaa mafuta. Alipoyafumbua, alimpokea yule mama ndoo yake tupu, wakaondoka wote pamoja na Donatus. Dume hatukumrudishia. Tungemrudishaje, naye yuko matumboni?

Makoye, aliyekwisha kusamehe kwa mujibu wa sheria, alibaki pale, mfupa mkononi, akimtukana mtu ambaye hayupo. Tukamwongezea mchuzi.