Raba za Breki ya Mbele

Kaka aliondoka Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mimi ndiye niliyemfungulia lango. Naliandika hilo kwanza kwa sababu watu wakisimulia habari za siku ile huanzia kwenye kona ya darajani, kana kwamba kaka alizaliwa pale.

Alikuwa amepakia kama ilivyokuwa desturi yake kila mwezi. Sanduku la spana nyuma kwenye keria, tyubu tatu zimeviringishwa chini ya tandiko, pampu imefungwa kwenye fremu, chupa ya maji, na kifuko cha gololi ambacho hakumwachia mtu mwingine akishike. Safari ilikuwa ya siku tatu. Alikuwa akipanda hadi vijiji vya juu, ambako hakuna fundi, anatengeneza baiskeli anazoletewa, analala kwa mwalimu mmoja rafiki yake, kisha anashuka akiwa amechomwa na jua na ana hadithi za kutosha wiki nzima.

Mimi nilikuwa uani nafua. Mikono ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Kaka alisimamisha baiskeli karibu na beseni, akagusa utepe mweusi uliofungwa kwenye usukani.

"Kitinda, hii bado?"

Aliniita hivyo kwa kuwa mimi ni kitinda mimba. Nilinyoosha mkono wenye sabuni, nikauvuta utepe, nikautupa kwenye ndoo.

"Tayari. Nenda, usije ukaupanda mlima na jua la utosi."

"Kwa mapovu hayo utanisafisha hadi breki," akasema, akacheka, akatoka. Nilifunga lango kwa kiwiko.

Sikuwa nimeikagua.

Utepe ule ulikuwa sheria ya kibanda chetu cha kutengenezea baiskeli. Ulikatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, na ulifungwa kwenye usukani wa kila baiskeli iliyoguswa na spana. Aliyetengeneza haruhusiwi kuufungua. Aufungue mwingine, baada ya kuitazama kazi kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kaka akitengeneza, mimi nilikagua. Mimi nikitengeneza, yeye alikagua. Wateja wenye haraka walilalamika sana, naye aliwajibu kwa neno moja: "Mganga hajigangi." Mwenyewe aliniambia jicho la aliyefunga nati linaiona ile nati aliyokusudia kuifunga, halioni ile iliyopo.

Kwa miaka kumi na mmoja nilikagua kazi yake. Nilimkuta na kosa mara mbili tu, na zote mbili alikuwa na homa. Ndiyo maana siku ile niliona sabuni ina haki kuliko breki.

Jioni ya kabla yake alibadilisha raba za breki ya mbele. Nilikuwepo, nikitia kiraka kwenye tyubu ya mteja. Kaka aliigeuza baiskeli yake miguu juu, kama mafundi wote wafanyavyo, na muuza maziwa akaja akaegemea mlango na kuanza kazi yake ya kila jioni, yaani maneno.

"Nyie mafundi Mungu anawaona. Mnafungua nati tatu, mnarudisha mbili."

"Ya tatu ndiyo faida," kaka akajibu bila kuinua kichwa. "Na wewe lita tatu zinakuwaje tano njiani?"

"Ng'ombe wangu wanakunywa sana maji."

"Basi wafundishe kuyameza."

Muuza maziwa akanigeukia mimi. "Na wewe, fundi wa kike, mnyororo wangu ulinitilia grisi au mafuta ya nywele?"

"Mafuta ya nywele," nikasema. "Si unaona unavyong'aa kukushinda mwenyewe?"

Kaka alicheka mpaka akashika kiuno. Spana ilikuwa mkononi. Nakumbuka alifuta machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono, kisha akakaza nati iliyokuwa mbele yake. Siwezi kuapa kwamba ni nati ile. Lakini nimeirudia jioni hiyo mara nyingi, na kila mara nafikia hapo.

Simu ilikuja saa mbili asubuhi. Ni dereva wa lori la mchanga aliyepiga, kwa kutumia simu ya kaka. Kabla ya kuupanda mlima kuna bonde, na barabara inateremka kwa muda mrefu hadi darajani, ambapo inakata kona ghafla. Dereva alisema kaka alimpita kwa kasi, akipiga kelele ya kuomba njia. Kona ilimshinda. Chini ya daraja ni mawe matupu. Nilimwambia mama nikiwa nimesimama mlangoni, na nguo bado ziko kwenye beseni.

Siku ya tatu baada ya mazishi, dereva yuleyule alituletea baiskeli. Wanaume waliokuwa wamekaa uani waliinuka kuitazama. Mjomba aliinama kwenye gurudumu la mbele, akaingiza kidole.

"Raba hazipo. Zote mbili zimechomoka. Vitu vya siku hizi hivi!"

"Alizinunua wapi?" mama akauliza. Alikuwa amekaa na wanawake, hata sikujua kama anasikia.

Aliyeziuza alikuwa amekaa palepale, kofia mapajani. Tulimwita Mzee Vipuri. Duka lake liko mkabala na kibanda chetu, na tangu kaka aanze ufundi hakuwahi kununua hata gololi moja kwingine.

"Kwangu, dada," akasema mwenyewe.

Mama alisimama. "Ulimuuzia mwanangu kifo."

"Dada, raba zile ni—"

"Toka kwangu."

Mzee alivaa kofia yake akatoka. Mimi nilikuwa nimeshasogea hadi kwenye baiskeli. Raba ya breki hukaa ndani ya kiatu kidogo cha chuma. Kiatu hicho kimezibwa upande mmoja na kiko wazi upande mwingine. Upande uliozibwa lazima utazame mbele, kwa kuwa gurudumu likizunguka huivuta raba kwenda mbele, na ule ukuta ndio unaoizuia. Ukikigeuza, breki itashika vizuri tu ukiijaribu uani. Ni kwenye mteremko mrefu, mtu ana mzigo nyuma na amebana kwa nguvu zote, ndipo raba huchomoka kama mbegu ya chungwa iliyobanwa kwa vidole. Breki ya nyuma peke yake haiwezi kumzuia mtu, sanduku la spana na bonde lile.

Viatu vyote viwili vilikuwa vimetazama nyuma.

Ni kosa la fundi, tena fundi mzoefu. Mwanafunzi huangalia mara nne. Baiskeli ikiwa miguu juu, na mtu anacheka huku mikono inafanya kazi, mbele na nyuma hubadilishana machoni. Ndiyo maana kuna mkaguzi. Mtu yeyote anayejua kazi angesimama mbele ya baiskeli ile, imesimama kwa magurudumu yake, angeona kwa kuhesabu moja hadi tatu.

Sikusema. Mjomba aliiegemeza baiskeli ukutani nyuma ya nyumba, nami nikaifunika kwa turubai.

Maneno ya mama yalitoka uani yakaenda sokoni, na kutoka sokoni yakaenda kila mahali. Mzee Vipuri anauza raba feki. Mzee Vipuri amemuua kijana wa watu. Wateja walianza kupita mlango wake na kwenda mbali, kwenye duka jipya karibu na stendi. Mimi nilikuwa nikifungua kibanda kila siku nikiwatazama wanavyompita. Yeye alikuwa akitoa minyororo nje, anaitundika, anaipangusa vumbi, jioni anairudisha ndani ileile. Wakati mwingine tulitazamana, na alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Mwezi wa pili baada ya mazishi ulipoanza, mzee alivuka barabara. Alikuwa na boksi la raba.

"Ni za mzigo uleule, binti yangu. Sina mwingine wa kumwuliza. Wewe unajua kazi. Zifunge, zijaribu. Kama ni mbovu niambie, nitafunga duka kwa mkono wangu mwenyewe."

Nilichukua boksi. Raba zilikuwa nzuri, ngumu kiasi chake, zinanuka upya. Ningeweza kumwambia nitazijaribu, arudi kesho. Badala yake nilichukua baiskeli iliyokuwa mbele yangu, nikafunga raba mbili jinsi inavyotakiwa, nikazungusha gurudumu, nikabana breki. Gurudumu likasimama. Nikavifungua viatu, nikavigeuza, nikamwambia abane yeye kwa mikono miwili huku mimi nikilisukuma gurudumu kwa nguvu zangu zote. Mara ya tatu raba moja ilianza kutokeza kwa mbele. Mara ya tano ikaanguka chini.

Mzee aliiokota. Aliizungusha vidoleni kwa muda mrefu.

"Alizifunga mwenyewe?"

"Alizifunga mwenyewe. Mimi nilitakiwa kumkagulia. Nilimwambia tayari, na sikuwa hata nimeinama."

Nilingoja anifokee, na nadhani nilitaka afoke. Akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie." Alisema taratibu, kama anayenishauri kununua tairi. "Mama yako anahitaji mtu wa kumchukia, la sivyo hataamka kitandani. Mimi ni jirani tu, nitazoea. Wewe ndiye mtoto aliyebaki naye."

"Na duka lako, mzee?"

"Duka ni duka."

Akarudi kwake na boksi lake. Nami, niseme ukweli, nilishukuru. Usiku huo nililala vizuri kwa mara ya kwanza. Nilidhani jambo limepata mtu wa kulibeba.

Siku nne baadaye muuza maziwa alipita mbele ya duka la mzee, akapunguza mwendo, akapaza sauti ili sisi wote tusikie:

"Mzee! Leo kifo unauza bei gani? Kwa jozi au kwa dazani?"

Watu waliokuwa kwa fundi cherehani wa jirani wakacheka. Mzee Vipuri naye akacheka. Alicheka kidogo, kama mtu anayemruhusu mtoto wa mwenzake amchezee ndevu, kisha akageuka na kuendelea kupangusa mnyororo ambao alikuwa ameshaupangusa. Niliweka spana chini. Nilifunga kibanda saa nne asubuhi, baiskeli mbili zikiwa zimefunguliwa, nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo.

"Mbona mapema? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Raba hazikuwa mbovu."

Nilimwambia yote, nikiwa nimechuchumaa mbele yake. Viatu vya breki, utepe, beseni. Mkono wake uliendelea kutafuta mawe kwenye mchele. Nilipomaliza aliendelea kidogo, kisha akauliza bila kuniangalia.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia tayari."

"Na ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafua."

Alitoa jiwe, akaliweka pembeni ya mkeka pamoja na mengine.

"Kwa hiyo ni sabuni," akasema. "Uliona tabu kunawa mikono."

"Ndiyo, mama."

Nilidhani atalia, au atanipiga. Aliinuka, akaumimina mchele kwenye sufuria, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Chakula hakikupikwa siku hiyo.

Kesho yake alivaa nguo zake za kutokea akaenda kwa Mzee Vipuri. Niliwaona kutoka kibandani. Mama alikaa kwenye benchi lake la nje, mahali ambapo kila apitaye angemwona, akakaa hadi adhuhuri. Watu walipita, wakamsalimu, wakatazamana. Sijui waliongea nini. Nilipomwuliza mzee, alisema, "Alitaka maji ya kunywa, nikampa." Muuza maziwa alipita mara mbili, mara ya pili alishuka kwenye baiskeli na kuikokota. Wateja hawakurudi siku hiyo, walirudi mmoja mmoja kadiri siku zilivyokwenda, na kila mmoja alijifanya hakuwahi kuondoka.

Wiki iliyofuata mama alifunga nguo zake kwenye shuka. Alisema mama mdogo anaumwa miguu na anahitaji mtu wa kumsaidia. Mama mdogo anaumwa miguu tangu mimi niko darasa la tano. Nilimbebea mzigo kwenye keria hadi kule, mwendo wa saa nzima, mimi nikiikokota baiskeli na yeye akitembea upande wa pili wake. Tulipofika kwenye mchanga akaishika keria kwa nyuma na kusukuma.

Sasa nafanya kazi na mwanamke aliyekuwa akiuza ndala karibu nasi, anajifunza haraka. Mama yuko kwa mama mdogo. Jumamosi nafunga saa saba mchana, nampelekea sabuni na mkaa. Anavipokea mlangoni, hanikaribishi ndani.